Ruta iko sebuleni kwako, bosi wake yuko wapi?

Ukipiga simu huduma kwa wateja kulalamika kwamba intaneti ya nyumbani inasuasua, mara nyingi hatumwi fundi. Mhudumu anakuomba namba ya akaunti, unamsikia anabonyeza kompyuta, kisha anakwambia: "Ruta yako naiona hapa, ngoja niizime na kuiwasha." Taa zinazimika, zinawaka tena. Wengi tunashukuru na kukata simu. Ni wachache wanaojiuliza: huyu ameingiaje kwenye kifaa kilicho juu ya kabati la televisheni, bila kuniomba paswedi?

Jibu lina jina kavu: TR-069. Ni hati ya kiufundi iliyotolewa mwaka 2004 na umoja wa kampuni uliokuwa ukiitwa DSL Forum, ambao tangu 2008 unaitwa Broadband Forum. Hati hiyo inaeleza namna kampuni ya intaneti inavyoweza kusimamia ruta ya mteja kwa mbali. Leo imo ndani ya mamia ya mamilioni ya vifaa duniani. Mwaka 2018 umoja huohuo ulitoa mrithi wake, TR-369, anayejulikana zaidi kama USP.

Nataka kuvipima viwango hivi viwili, na hoja yangu ni moja. Kiuhandisi, TR-069 ilikuwa kazi nzuri. Tatizo lake ni kwamba iliandikwa kana kwamba nyumbani hakuna mtu. Kuna kampuni, kuna ruta, basi. Anayeishi na ruta hiyo hana haki wala taarifa yoyote ndani ya hati, na mikasa ya 2014 na 2016 inaeleweka vizuri zaidi ukianzia hapo.

Kubipu kwa mlango namba 7547

Tuanze na shida iliyokuwa ikitatuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni za simu zilikuwa zinaunganisha mamilioni ya nyumba kwa DSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya uleule wa simu ya mezani. Kila modemu ilitaka mipangilio yake. Wateja walikosea, simu zikamiminika, mafundi wakazungushwa mitaani kwa tatizo la dakika mbili. Isitoshe, kila mtengenezaji wa modemu alikuwa na njia yake ya kuisimamia, kwa hiyo kampuni iliyonunua kwa watengenezaji watano ilihitaji mifumo mitano.

TR-069 ilileta lugha moja kwa wote. Upande mmoja kuna ruta, upande wa pili kuna seva ya usimamizi ya kampuni, kwa kifupi ACS. Siku zote ruta ndiyo huanza mazungumzo. Ikiwashwa mara ya kwanza inaitafuta seva na kuituma ujumbe uitwao Inform: mimi ni kifaa cha aina hii, namba yangu ni hii, toleo la programu yangu ni hili, na sababu ya kukutafuta ni hii. Baada ya salamu hiyo seva inashika usukani. Inaweza kusoma mipangilio, kuibadilisha, kuiagiza ruta ipakue programu mpya ya uendeshaji, kuizima na kuiwasha, au kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Maagizo yote yanaandikwa kwa XML na kusafiri kwa HTTP, njia ileile inayobeba kurasa za wavuti.

Sasa kama ruta ndiyo huanza, kampuni ikitaka kuongea nayo saa hii hii inafanyaje? Inabipu. Ruta inaacha mlango mmoja ukisikiliza upande wa intaneti, kwa kawaida mlango namba 7547. Seva inagonga hapo, inathibitisha jina na neno la siri, kisha ruta yenyewe inapiga kwenda kwenye anwani ya seva iliyoihifadhi. Ni ubunifu wa akili: anayebipu hawezi kuipeleka ruta kwa seva yake mwenyewe, maana ruta inapiga namba iliyo nayo tayari. Lakini mlango unaosikiliza intaneti nzima utagongwa na kila mpita njia, si kampuni peke yake. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Neno "inapendekezwa"

Dosari ya kwanza imejificha kwenye neno dogo. TR-069 inapendekeza mawasiliano kati ya ruta na seva yafichwe kwa TLS, teknolojia ileile inayoweka alama ya kufuli kwenye kivinjari chako. Inapendekeza, hailazimishi. Hati inaruhusu kuiacha, ikitoa tahadhari tu kwamba ukiiacha, sehemu ya usalama inapotea.

Kwa mwaka 2004 unaweza kuwaelewa waandishi: modemu zilikuwa dhaifu, na kazi ya kuficha data inataka nguvu ya kichakataji. Lakini pendekezo lina tabia yake. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa DEF CON huko Las Vegas, mtafiti Shahar Tal wa kampuni ya Check Point alieleza kwamba karibu asilimia 80 ya mifumo ya TR-069 waliyoikuta ikitumika haikuwa na ulinzi huo. Maana yake, mtu aliyefanikiwa kukaa katikati ya njia angeweza kujifanya seva ya kampuni, na ruta ingemtii. Tal alionyesha pia kwamba baadhi ya programu za seva zenyewe zilikuwa na matundu. Hapo hatari inabadilika ukubwa. Mdukuzi akiingia kwenye ruta moja amepata nyumba moja, lakini akiingia kwenye seva ya usimamizi amepata wateja wote kwa mpigo.

Angalia sasa nani anaamua na nani anaumia. Anayeamua kuacha TLS ni kampuni. Atakayesomewa mawasiliano, au kupelekwa kwenye tovuti bandia ya benki, ni mtu wa nyumbani. Na huyu hana hata sehemu moja ya kuona kama ruta yake inaongea na bosi wake kwa siri au kwa sauti ya sokoni. Ukimpa mtu uamuzi ambao hasara yake inamwangukia mwingine, usishangae akichagua kilicho rahisi.

Dawa iliyokaa kabatini miaka tisa

Desemba 2014 Check Point walitangaza udhaifu walioupa jina Misfortune Cookie. Ulikuwa ndani ya RomPager, programu ndogo ya seva ya wavuti iliyotengenezwa na AllegroSoft na kuwekwa ndani ya ruta za chapa nyingi. Kwenye vifaa vingi programu hiyo ndiyo iliyokuwa inasikiliza mlango wa 7547. Watafiti walihesabu angalau vifaa milioni 12 vyenye udhaifu huo katika nchi 189.

Sehemu inayouma ni hii: AllegroSoft walikuwa wamesharekebisha kosa hilo mwaka 2005. Dawa ilikuwapo miaka tisa na haikufika kwa mgonjwa. Ilibidi ipite mikono mingi, kutoka kwa mwandishi wa programu hadi kwa mtengenezaji wa ruta, kisha kampuni ya intaneti, ndipo iingie sebuleni. Kila mmoja angeweza kudhani ni kazi ya mwenzake.

Kinachofanya kisa hiki kiwe cha ajabu ni kwamba TR-069 ina agizo la kupakua programu mpya, lililowekwa kwa ajili ya safari kama hiyo. Daraja lilijengwa, hakuna aliyelivuka. Kwa hiyo anayesema TR-069 ni mbaya kwa sababu inaipa kampuni nguvu nyingi mno, amesema nusu. Nusu nyingine ni kwamba nguvu hiyo ikilala, mteja anaumia vilevile. Na hapo pia hana pa kuangalia: hati haimtaki mtu yeyote amwambie mteja kwamba programu ya ruta yake ni ya miaka tisa iliyopita.

Jumapili ya Novemba 2016

Tarehe 7 Novemba 2016 mtafiti mmoja alichapisha mtandaoni kwamba modemu aina ya D1000, iliyotolewa na kampuni ya Eir ya Ireland kwa wateja wake, ilikuwa inapokea maagizo kutoka kwa yeyote kupitia mlango 7547. Maagizo yenyewe hayakuwa ya TR-069. Yalikuwa ya ndugu yake, TR-064, kiwango kilichokusudiwa kutumika ndani ya nyumba tu, kwa mfano kompyuta yako inapoisaidia modemu kujipanga. Mahali fulani kwenye utengenezaji, kilichopaswa kuishia ndani kikatokezwa nje.

Mbinu ilikuwa rahisi hadi inatia aibu. Unaiambia modemu ibadilishe seva yake ya saa, na pale panapotakiwa jina la seva unaandika amri ya kompyuta. Modemu inaitekeleza bila kuhoji. Siku ishirini baadaye, Jumapili tarehe 27 Novemba, toleo jipya la kirusi cha Mirai lilianza kugonga mlango 7547 duniani kote likitumia mbinu hiyohiyo.

Ujerumani ndiko kulikosikika kelele kubwa: ruta za wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom zilivurugika. Lakini uchunguzi ulionyesha kitu ambacho vichwa vya habari vilikiruka. Ruta hizo hazikuambukizwa. Hazikuwa za aina ambayo kirusi kile kingeweza kukaa ndani yake. Zililemewa tu na kugongwa-gongwa, zikashindwa kufanya kazi. Yaani ule mlango wa kubipu peke yake, bila udukuzi uliofanikiwa, ulitosha kuwakatia watu laki tisa intaneti. Hati ya TR-069 inashauri ruta iweke kikomo cha mara inazokubali kubipiwa kwa muda fulani. Inashauri, tena.

Suluhisho lilikujaje? Wateja waliambiwa wachomoe ruta kwenye umeme, wasubiri kidogo, wairudishe, na ilipowaka ikapakua programu iliyorekebishwa. Usimamizi wa mbali ulileta balaa na usimamizi wa mbali ukaliondoa. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema tuizime TR-069 kila mahali tupumzike. Ruta isiyosasishwa na mtu yeyote ni hatari kwa jirani na kwa mtandao mzima, kama kisima kisichofunikwa.

Kisa hiki kina mkia uliofika Afrika. Mwingereza aliyekuwa nyuma ya shambulio hilo alikamatwa Februari 2017 kwenye uwanja wa ndege wa Luton, na mahakama ya Cologne ikampa kifungo cha nje mwaka huohuo. Januari 2019 mahakama ya Uingereza ilimfunga miezi 32 kwa kosa jingine: kutumia jeshi lake la vifaa vilivyotekwa kuishambulia Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, kwa malipo kutoka upande wa mshindani wake wa kibiashara. Vifaa vya nyumbani vya watu wasiojua lolote vilitumika kukata mawasiliano ya nchi ambayo wenye vifaa hivyo hawajawahi kufika.

Kinachosomeka

Tukiacha wadukuzi, hata kampuni iliyo safi kabisa inaona nini? Kiwango kinachoorodhesha vitu vinavyosomeka, TR-181, ni hati ndefu, na baadhi ya mistari yake ingewashangaza wengi. Kuna jedwali la vifaa vyote vilivyounganishwa nyumbani: jina la kila kimoja, anwani yake ya kudumu ya kiwandani, na kama sasa hivi kiko hewani. Kuna kipimo kinachoifanya ruta iorodheshe mitandao ya Wi-Fi ya majirani pamoja na nguvu ya mawimbi yake. Kwa haki, paswedi ya Wi-Fi imelindwa: kiwango kinasema seva ikiisoma irudishiwe nafasi tupu. Lakini seva inaruhusiwa kuandika mpya.

Kila kimoja kina sababu nzuri. Huwezi kumsaidia mteja anayesema Wi-Fi haishiki bila kujua majirani wanatumia chaneli gani. Lakini jedwali lilelile linaonyesha simu ya nani imerudi nyumbani saa ngapi, na kwamba jana usiku kulikuwa na simu ngeni. Kiwango kinaeleza kwa undani namna ya kuyasoma haya. Hakimtaki msomaji aseme alisoma lini na kwa nini, wala hakiielekezi ruta imwonyeshe mtu wa nyumbani kwamba imesomwa.

Mrithi ana adabu zaidi

Tuje kwa USP, na nitaanza na sifa, maana anastahili. Kwanza, kwa njia kama MQTT na WebSocket, ruta yenyewe inafungua mazungumzo kwenda nje na kuyaacha yakiendelea. Kubipu hakuhitajiki tena, na mlango ule wa kusikiliza kila mpita njia unaweza kufungwa. Pili, ujumbe si XML ndefu tena, ni data iliyofungashwa kwa ufupi, hivyo vifaa vidogo vinaumudu. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, ruta inaweza kuwa na vidhibiti zaidi ya kimoja, kila kimoja na mamlaka yake. Kampuni inaweza kuruhusiwa kubadilisha mipangilio ya laini lakini isione orodha ya vifaa. Programu ya simu ya mwenye nyumba inaweza kuwa kidhibiti cha pili. Kuna hata utaratibu wa kukiongezea kidhibiti mamlaka baada ya kuthibitisha kwa neno la siri.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza hati ina kiti ambacho mtu wa nyumbani anaweza kukalia. Ukosoaji wangu ni kwamba hakuna anayelazimishwa kumkaribisha. Jedwali la nani ana mamlaka gani linaandaliwa na anayeandaa programu ya ruta, na huyo anafuata oda ya kampuni inayonunua ruta kwa maelfu. Kampuni inaweza kutumia USP yote kama ilivyo, ikajipa ruhusa zote, isimwachie mteja hata moja, na bado ikatangaza kwa kweli kabisa kwamba inafuata kiwango. TLS ilitufundisha mwisho wa mambo yanayowezekana bila kulazimishwa.

Tena USP inafungua mlango wa kuweka programu za watu wengine ndani ya ruta: za ulinzi, za michezo, za kupima Wi-Fi. Vidhibiti vikiongezeka, swali la nani anaona nini linazidi kuwa zito.

"Mteja ataharibu"

Pingamizi la kawaida la wahandisi nalijua, na halina ujinga. Wanasema mteja wa kawaida hataki kujua haya, ukimpa swichi atazima, kisha atapiga simu kulalamika. Kweli watakuwapo. Lakini Ujerumani wamelijaribu. Tangu Agosti 1, 2016 sheria ya huko inampa mteja haki ya kutumia ruta aliyonunua mwenyewe, na kampuni inapaswa kumpa taarifa anazohitaji kuiunganisha. Ruta za Fritz!Box, maarufu sana huko, zina ukurasa wa mipangilio ambapo mteja anaruhusu au kukataa kampuni kuisimamia kwa mbali. Intaneti ya Ujerumani haijaanguka kwa sababu hiyo.

Nami siombi kila mtu awe fundi. Naomba mambo matatu yaandikwe kwenye kiwango kwa neno "lazima". Moja, ruta iweke kumbukumbu ya kila amri iliyotoka mbali, ya kusoma au kubadilisha, na mtu wa nyumbani aweze kuifungua. Mbili, usomaji wa vitu vya ndani ya nyumba, kama jedwali la vifaa, uhitaji ruhusa yake, tofauti na usimamizi wa laini yenyewe. Tatu, tarehe ya mwisho ya kusasishwa kwa programu ionekane wazi, ili dawa isikae tena kabatini miaka tisa bila mgonjwa kujua. Hakuna hata moja linalohitaji uvumbuzi mpya. USP tayari ina vipande vyote.

Na sisi wa huku?

Faiba inaingia mitaa ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kwa kasi, na mara nyingi kisanduku kinakuja na fundi wa kampuni. Ukiingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa kisanduku chako, aghalabu kupitia 192.168.1.1 au 192.168.100.1, unaweza kukuta sehemu iliyoandikwa TR-069, au usiione kabisa kwa sababu akaunti uliyopewa si ya bosi. Kutokuiona si ushahidi kwamba haipo. Ukiiona, usikimbilie kuizima: huenda ndiyo njia pekee ambayo marekebisho ya usalama yanakufikia.

Badala yake uliza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinampa mtu haki ya kujua taarifa gani zinazomhusu zinakusanywa na kwa lengo gani, na majina ya simu za familia yako pamoja na saa zinazoingia nyumbani ni taarifa za aina hiyo. Iandikie kampuni yako maswali matatu: mnasoma nini kwenye ruta yangu, mawasiliano hayo yamefichwa kwa TLS, na programu yake ilisasishwa lini mara ya mwisho? Mhudumu wa kwanza huenda asijue jibu. Mwombe alipeleke kwa anayejua, na uombe jibu la maandishi.